Droo ya Barua Zilizorudi

Hospitalini walimwita Posta, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Aliingia kazini akiwa kijana wa kuchukua bahasha posta ya mjini na kuzipeleka mezani kwa mganga mkuu. Bahasha zilipopungua na barua pepe zikashika nafasi yake, yeye hakuondoka. Alinunua kitabu kimoja kinene cha mambo ya seva, zile mashine zinazopokea na kutuma barua pepe, akakisoma mpaka jalada likabanduka, na yale asiyoyapata kitabuni aliyajua kwa kuharibu na kutengeneza. Mungu alimpa mikono mizuri na subira ndogo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na rundo la funguo kiunoni. Akiwa na jambo kichwani hakuweza kuketi. Dada yake mdogo, aliyefanya kazi mapokezi katika hospitali hiyohiyo ya macho, alizoea kusema kaka yake alizaliwa bila makalio. Funguo zikilia kwenye korido, wauguzi walitazamana wakajua seva imekohoa.

Jumanne moja zililia tangu saa tatu asubuhi.

Daktari wa macho alimfuata chumbani kwake, chumba kilichokuwa stoo ya mashuka kabla ya kuwekewa mashine. Hakikuwa na dirisha, kilikuwa na feni mbili zilizopokezana kulalamika.

"Posta, barua yangu imerudi."

"Ipi hiyo, daktari?"

"Ya benki ya macho. Nimeituma mara tatu, mara tatu imenirudia kama mpira uliopigwa ukutani."

Benki ya macho ilikuwa mji mwingine, safari ya siku mbili kwa gari. Huko walihifadhi vioo vya macho, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, vilivyotolewa na watu waliofariki, kwa ajili ya watu ambao vioo vyao vimeingia ukungu. Asubuhi hiyo walikuwa wamepiga simu: kimepatikana kimoja kinachomfaa Mama Cherehani. Fomu yake, yenye sahihi ya daktari, iwafikie kabla ya saa sita mchana kesho yake. Isipofika, kioo kinakwenda kwa mgonjwa anayefuata kwenye orodha.

Mama Cherehani hakuwa mgonjwa wa kupita. Kwa miaka ishirini alishona mashuka, mapazia na magauni ya chumba cha upasuaji, katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Jicho moja lilikuwa limekufa zamani. La pili lilipata kidonda, kidonda kikapona kikaacha ukungu mzito kama maziwa. Aliendelea kushona kwa kupapasa mpaka sindano ya cherehani ilipompita kidoleni. Alikuwa amesubiri kioo miezi kumi na minne.

"Tuma kwa kutumia anwani yako binafsi," Posta alimwambia daktari.

"Unadhani sikufikiria? Nimempigia yule mama wa kule. Ameniambia, 'Daktari, sauti yako naijua, hata kikohozi chako nakijua. Lakini fomu lazima itoke kwenye anwani ya hospitali. Kuna mtu alishatuletea ya kughushi, tukaapa.' Sasa wewe ndiye wa kunitoa hapa."

Daktari aliondoka. Posta akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye funguo.

Kwanza alituma barua ya kujaribu kwenye sanduku la dada yake, ambalo lilikuwa kwa kampuni ileile kubwa inayotumiwa na benki ya macho. Nusu ya dunia ina sanduku kwa kampuni hiyo, na Posta aliwaita kwa kifupi Wakubwa. Barua ikarudi. Akatuma nyingine kwa rafiki yake aliyetumia kampuni ndogo. Ikapita bila neno. Basi tatizo halikuwa barua kutoka, tatizo lilikuwa Wakubwa kuifungulia. Akatazama zile orodha za hadharani ambako seva zenye tabia mbaya huandikwa, kama hospitali imo. Haikuwamo hata moja. Ndipo akatulia akaisoma ile sababu ya kukataliwa neno kwa neno, kazi ambayo angepaswa kuanza nayo: namba ya seva yenu haina jina.

Akampigia kijana wa kampuni ya intaneti.

"Mzee, intaneti si inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mmetubadilishia namba wiki mbili zilizopita, mkaiacha mpya bila jina. Ni kama mtu anapiga hodi, akiulizwa nani, ananyamaza. Wewe ungemfungulia?"

"Mzee, kwani nani huwa anauliza mambo hayo?"

"Wakubwa wanauliza. Kila barua."

"Haya, jaza fomu ya maombi. Siku tatu za kazi."

Posta alizunguka meza mara mbili, waya wa simu ukamfuata. "Kijana, mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anaona?"

"Anaona, mzee. Kwani vipi?"

"Hapa nina mama wa watu haoni, na jicho lake liko kwenye hiyo namba yako."

"Subiri kwenye simu," kijana akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka.

Kufikia adhuhuri namba ilikuwa na jina. Posta akatuma tena barua ya kujaribu, akatoka mbio hadi mapokezi.

"Imeingia?"

"Bado," dada yake akasema bila kuinua kichwa.

"Tazama tena."

"Kaka, nina wagonjwa kumi na wawili kwenye benchi, na huyu wa kwanza ameshaanza kunichukia."

"Tazama tu."

"Haimo. Nenda ukakae."

Haikuwamo kwa sababu ilikuwa imerudi. Ila safari hii Wakubwa walikuwa na sababu nyingine. Waliandika: barua nyingi mno kutoka kwenu zinakwenda kwa watu wasiokuwepo.

Mtu mwingine angekaa chini akaanza kuchimba. Posta alikwenda kunywa maji. Akaenda kupima mafuta ya jenereta ambayo aliyapima jana yake. Akakaza skrubu ya kitasa cha mlango wa maabara, kitasa ambacho hakuna aliyekilalamikia. Akatia mguu ndani ya chumba chake, akautoa. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukweli ni kwamba alijua jibu liko wapi, na hakutaka kufika huko.

Miguu ikampeleka mpaka chumba cha kushonea.

"Posta, mwanangu," Mama Cherehani akasema kabla hajafika mlangoni, "hizo funguo zako zimenipita mara nne leo. Ingia au hama."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua yangu imekwenda?"

Angeweza kumwambia iko njiani. Hakuwa mtu wa hivyo. "Haijaenda, mama. Wameikataa."

Mikono ya mama huyo ilikuwa ikikunja shuka, ikatulia. "Wamekataa jicho au wamekataa barua?"

"Barua."

"Afadhali. Jicho likikataliwa ni la Mungu. Barua ni yako." Akanyoosha mkono wenye sindano. "Nitungie uzi. Daktari amenikataza mashine, hakunikataza vifungo."

Posta alijaribu mara tatu. Uzi ulipita kando ya tundu kila mara.

"Na wewe huoni?" mama akamuuliza.

"Ninaona."

"Basi nenda kafanye lile unaloliogopa, urudi unitungie vizuri."

Alirudi chumbani akafunga mlango.

Miaka tisa nyuma, mke wake alilazwa hospitali ya mbali, na Posta hakuweza kukaa naye siku zote. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache. Alimwomba mumewe jambo moja: kila asubuhi amwandikie sala fupi kwa barua pepe, aisome kabla madaktari hawajaanza kumzungukia. Posta akaiita Neno la Asubuhi. Mke wake alijibu kila siku neno moja tu: Amina. Wagonjwa wa macho walisikia habari hiyo wakaomba na wao waandikiwe. Akawaongeza, na yeye mwenyewe akajiweka humo. Baadaye akaiunganisha orodha na daftari la kompyuta la mapokezi, ili kila mgonjwa mpya aingie humo moja kwa moja. Orodha ikakua mpaka watu elfu na elfu, na mstari wake wa kwanza ulikuwa anwani ya mke wake.

Mwanamke yule alifariki mwaka uliofuata. Posta hakuiondoa anwani. Kila alfajiri seva ilipeleka Neno, na sanduku la marehemu lilipokea bila kulalamika, na yeye akapata nguvu ya kwenda kazini. Baada ya miaka miwili Wakubwa wakalifunga sanduku lile kwa kutotumika. Asubuhi ile barua ilirudi na maelezo mafupi: mtu huyu hayupo. Kesho yake ikarudi tena. Siku ya tatu Posta aliiamuru seva ichukue kila barua ya Neno inayorudi, ya yeyote yule, iitupe kwenye droo moja ya ndani ya mashine, asiione. Tangu hapo hakuwahi kuifungua.

Fundi mzima alikuwa amejiziba masikio. Kila onyo ambalo Wakubwa walilipeleka kwa miaka sita liliingia humo likalala.

Sasa akaifungua. Skrini ilisita muda mrefu, kisha namba ikatokea: barua zaidi ya milioni mbili. Akaanza kuzisoma anwani. Baadhi aliwatambua, wazee wa mtoto wa jicho ambao alikwenda kuwazika. Lakini wengi walikuwa wa ajabu. Hanaanwani. Hanaanwani2. Bibimkali. Mzeewakofia. Sijui44. Walifika elfu mbili na mia sita, na wote eti wana masanduku kwa Wakubwa.

Akamwita dada yake kwa simu ya ndani.

"Bibimkali ni nani?"

"Nakuja."

Aliingia akasimama karibu na mlango, mikono ikiwa mfukoni mwa koti la kazi.

"Kaka, usinipigie kelele."

"Sijakupigia."

"Kompyuta yako hainiachi. Nikimwandikisha mgonjwa bila anwani ya barua pepe, inaweka mstari mwekundu, inakataa kusonga mbele. Bibi ana miaka themanini, ametoka shamba, hana hata simu. Nimwambie nini? Arudi na jicho lake kwa sababu hana barua pepe? Nikawa najaza chochote."

"Chochote?"

"Wa kwanza nilijaza kwa haya. Baadaye nikazoea. Bibimkali alinipiga fimbo ya mguu."

Posta alitaka kuwa mkali. Alifungua kinywa, akaitazama ile droo iliyokuwa wazi kwenye skrini, akakifunga. Ule mstari mwekundu aliuweka yeye, na barua zilizorudi alizificha yeye. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa. Soma, mimi nifute."

"Leo wewe unakaa?"

"Soma."

Mwenzake wa mapokezi akamshikia zamu. Walifanya kazi hiyo mpaka jua likawa linaelekea kuzama, dada akisoma, kaka akifuta. Walipofika kwa marehemu waliowajua walipunguza mwendo. Dada alitaja jina la mtu, si anwani, na Posta akasema "Mungu amrehemu" kabla ya kubonyeza. Mara kadhaa alisimama, akazunguka kile chumba ambacho hatua nne zinakimaliza, akaketi tena. Saa kumi na moja na robo orodha ilibaki na watu walio hai, na mstari mmoja wa juu kabisa.

Wakubwa walikuwa na fomu ya rufaa kwenye tovuti yao. Posta aliijaza: hospitali gani, namba gani, nini kilikosewa. Alikiri yote, hata mstari mwekundu. Swali la mwisho liliuliza: je, mmeondoa anwani zote ambazo hazipokei tena barua? Chini yake visanduku viwili vya kuchagua, ndiyo na hapana.

Akaacha kuandika.

"Anwani moja haiwezi kuwazuia," dada yake akasema taratibu. "Kati ya elfu zote zile? Wala hawatajua."

"Najua hawatajua."

"Basi weka ndiyo, utume, twende nyumbani."

"Wameuliza zote."

Akasimama. Funguo zikalia, zikanyamaza. Dada yake alisikia sala ikipita midomoni mwake bila sauti, na hakumwingilia. Kisha Posta akachukua kalamu, akainakili ile anwani ya mke wake kwenye kipande cha karatasi, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Alikikunja akakiweka ndani ya kile kitabu chake kinene. Akarudi kwenye kibodi akafuta mstari wa kwanza. Akabonyeza ndiyo, akatuma.

"Wifi angesema umechelewa," dada yake akasema.

"Angesema Amina," akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo, kisha akalia, na dada yake akazigeukia feni ili asimwone akipangusa uso.

Jibu la Wakubwa lingeweza kuchukua siku nzima, ndivyo walivyoandika. Jumatano asubuhi, saa mbili, barua ya kujaribu ilirudi. Saa tatu ikarudi. Saa nne ikarudi. Daktari naye sasa alikuwa akitembea korido, wakipishana na Posta kama walinzi wawili wa lango moja. Mama Cherehani alikuwa ameletwa wodini tangu alfajiri kusubiri habari, ameoga, ameketi kitandani na mfuko wake wa nguo magotini.

"Mmoja ana viatu vinavyolia, mwingine ana funguo," alimwambia muuguzi. "Mnaniponya macho, mnaniua masikio."

Saa tano na dakika kumi Posta alituma tena, na safari hii hakukimbia mapokezi. Alisimama tu mlangoni kwake, hawezi kuingia, hawezi kutoka. Alimwona dada yake mwisho wa korido akinyanyuka kwenye kiti, simu yake mkononi. Hakupiga kelele, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Aliinyanyua ile simu juu ya kichwa chake, akaishikilia hapo.

Fomu ikaondoka saa tano na dakika kumi na mbili. Saa tano na nusu yule mama wa benki ya macho akapiga simu kwa daktari. Imefika, alisema, na kioo kinapakiwa kwenye barafu.

Kilifika baada ya siku mbili, kikawekwa. Wiki ya tatu daktari alipompima kwa herufi za ukutani, Mama Cherehani alisoma mistari minne. Kisha akageuka akamtazama aliyesimama mlangoni na funguo kiunoni.

"Posta, mwanangu," alisema, "umezeeka lini?"

Tangu hapo Posta aliiondoa ile sheria ya kuficha. Kila Ijumaa saa nne aliifungua droo, akasoma kilichorudi, akauliza, akafuta. Mstari mwekundu aliutoa. Dada yake akaomba afundishwe, akafundishwa, kwa ukali kidogo, kwa kitabu kilekile kinene.

Posta alifariki miaka mitatu baadaye, asubuhi ya kazi, akiwa anavaa viatu. Moyo ulisimama; yeye aliyeshindwa kusimama mahali pamoja maisha yake yote. Mungu amlaze pema. Msibani, vifungo vya vazi lake la mwisho alivishona Mama Cherehani, na uzi alitunga mwenyewe.

Wiki ya pili baada ya mazishi, utawala ulilifunga sanduku lake la barua pepe kama wanavyolifunga la kila aliyeondoka kazini. Ijumaa, saa nne, dada yake, ambaye tangu msiba ndiye aliyeandika Neno, aliifungua droo. Kulikuwa na barua moja tu, Neno la asubuhi hiyo lililorudi. Anwani aliijua kabla ya kuisoma.

Alikaa nayo mpaka saa tano. Mwenzake wa mapokezi alichungulia mara mbili akarudi. Kisha akakivuta kile kitabu, akakitafuta kipande cha karatasi kilichokunjwa, akakikunjua. Chini ya anwani ya wifi yake aliandika ya kaka yake, herufi moja moja. Akarudisha karatasi kitabuni, akafuta mstari, na akaanza kuandika Neno la kesho.